Kutoka Upotevu hadi Ubadhirifu: Maji ya Kumwagilia Nyasi za Majumbani katika Bonde la Las Vegas, 1905–2024

Utangulizi

Mwaka 2005 Mamlaka ya Maji ya Nevada Kusini, nchini Marekani, ilichapisha ripoti ya utafiti uliofanyika kwa miaka kadhaa katika nyumba za watu binafsi mjini Las Vegas na vitongoji vyake. Waandishi wake, Kent Sovocool na Mitchell Morgan, walitumia dira ndogo za maji zilizofungwa kwenye bustani zenyewe, mbali na dira kuu ya nyumba, ili maji ya nyasi yasichanganywe na maji ya jikoni na bafuni. Walibaini kwamba futi moja ya mraba ya nyasi ilipewa wastani wa galoni 73 kwa mwaka, ilhali eneo la ukubwa huohuo lililopandwa mimea inayostahimili ukame lilipewa galoni 17.2. Kwa vipimo vya mita, nyasi zilipokea takriban lita 2,970 kwa kila mita ya mraba. Kama maji hayo yote yangemwagwa mara moja juu ya bustani na kuzuiwa yasitoke wala kuzama, yangefika kimo cha karibu mita 3. Mvua ya mahali hapo ni takriban sentimita 10 kwa mwaka.

Takwimu hiyo inazua swali ambalo dira peke yake haiwezi kulijibu. Katika mita hizo 3, ni sehemu ipi iliyopotea? Kama nyasi zilibaki kijani mwaka mzima na hakuna tone lililofika mtaroni, je, kuna kilichopotea? Kiswahili kina msamiati unaosaidia kulichambua swali hilo, kwa kuwa kinatenganisha mambo ambayo lugha ya mashirika ya maji ya Marekani huyakusanya katika neno moja. Upotevu ni kitu kutoweka, bila lazima ya kumtaja aliyekipoteza; ndiyo maana mamlaka za maji za Tanzania hulitumia neno hilo kwa maji yaliyozalishwa yasilipiwe, yawe yamevuja au yameibwa. Israfu ni kutumia kupita kiasi kile kilicho chako. Ubadhirifu ni kutumia vibaya mali uliyokabidhiwa, ambayo wengine nao wana haki nayo.

Insha hii inafuatilia jinsi maji ya nyasi za majumbani katika Bonde la Las Vegas yalivyohama kutoka maana ya kwanza kwenda ya pili, na hatimaye ya tatu. Hoja inayojengwa ni kwamba mageuzi hayo hayakutokana hasa na wakazi kujifunza kubana matumizi, wala na vifaa bora vya umwagiliaji. Yalitokana na namna Mto Colorado ulivyohesabiwa. Ushahidi kutoka miji mingine ya magharibi mwa Marekani umeingizwa pale tu ambapo unaeleza kilichoshindikana au kufanikiwa Las Vegas.

Visima vilivyobubujika

Jina Las Vegas ni la Kihispania, na maana yake ni mbuga zenye majani mabichi. Mbuga hizo zilitokana na chemchemi zilizobubujika katikati ya jangwa, na ndizo zilizoivutia reli. Tarehe 15 Mei 1905 kampuni ya reli iliuza viwanja kwa mnada, na mji ukaanza. Maji ya mji yaligawiwa na kampuni tanzu ya reli hiyohiyo, Las Vegas Land and Water Company, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhakikisha injini za mvuke hazikosi maji.

Katika miongo ya mwanzo maji yaliyopotea yalionekana kwa macho. Maji ya ardhini yalikuwa na shinikizo la kutosha kupanda yenyewe, na visima vingi viliachwa vikibubujika bila kizibo, mchana na usiku, maji yakienda mchangani. Sheria ya Nevada ya mwaka 1939 kuhusu maji ya ardhini iliyaweka maji hayo chini ya usimamizi wa jimbo, na lawama wakati huo zilielekezwa kwenye kisima kisichozibwa. Bustani ya nyumbani haikuwa mshitakiwa. Kinyume chake, nyasi zilikuwa na kazi inayoeleweka: kabla ya viyoyozi kuenea, kipande cha nyasi na mti mmoja wa kivuli mbele ya dirisha vilikuwa miongoni mwa njia chache za kupoza nyumba katika kiangazi ambacho joto hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Mwanahistoria anayezitazama nyasi hizo kwa macho ya leo na kuziona kama ulimbwende mtupu atakuwa hakuwatendea haki wakazi wa kizazi hicho.

Idadi ya watu iliibadili hali hiyo. Sensa ya 1930 iliwahesabu wakazi 5,165 mjini; ya 1950 ikawahesabu 24,624. Mwaka 1947 liliundwa shirika la umma, Las Vegas Valley Water District (hapa litaitwa Shirika la Maji), na mwaka 1954 likachukua mfumo wa kampuni ya reli. Mwaka 1962 chemchemi zilizoupa mji jina lake ziliacha kutoa maji juu ya ardhi. Katika sehemu fulani za bonde ardhi yenyewe ilititia kwa takriban mita 2 kwa sababu maji yaliyoishikilia kutoka chini yalikuwa yamepampiwa nje.

Wakati huohuo kumwagilia kulikuwa kumerahisishwa. Mwaka 1933 mkulima wa Glendora, California, Orton Englehardt, alibuni kinyunyizio kinachozunguka kwa kupigwapigwa na mkono wa chuma unaosukumwa na maji yenyewe. Kilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, lakini kikaingia bustanini. Baada yake yakaja mabomba yaliyofukiwa chini ya nyasi, na kisha saa za umeme zilizofungua na kufunga vali bila mtu kuwepo. Nyasi zilizopandwa sana zilikuwa za aina mbili: festuka, yenye asili ya nchi za baridi, na nyasi za jamii ile Waswahili waiitayo ukoka, ambazo huvumilia joto na kuhitaji maji machache zaidi. Ukoka hukauka rangi majira ya baridi, festuka haikauki. Mwenye nyumba aliyetaka kijani cha mwaka mzima alichagua festuka, na uchaguzi huo wa rangi ulikuwa pia uchaguzi wa kiasi cha maji, ingawa haukuelezwa hivyo kwenye duka la mbegu.

Mwaka 1971 bomba kubwa la kwanza la mradi wa kuleta maji kutoka Ziwa Mead, nyuma ya Bwawa la Hoover, lilianza kazi. Hofu ya visima kukauka ilipungua kwa muda. Tangu hapo, hata hivyo, bonde lilikuwa limefungwa kwenye daftari la mto.

Hesabu ya mto

Mkataba wa Mto Colorado wa mwaka 1922 uliugawa mto kati ya majimbo ya juu na ya chini. Sheria ya Bunge la Marekani ya 1928, iliyoidhinisha ujenzi wa Bwawa la Hoover, iliweka msingi wa mgawo wa majimbo ya chini: California ekari-futi 4,400,000, Arizona 2,800,000, na Nevada 300,000. Ekari-futi moja ni maji yanayoweza kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, yaani takriban mita za ujazo 1,233. Nevada ilipata asilimia 4 tu ya mgawo wa majimbo ya chini. Kwa kuwa kusini mwa jimbo hilo kulikuwa na watu wachache na mashamba machache, kiasi hicho kilionekana kingetosha daima.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Arizona dhidi ya California ilitolewa mwaka 1963, na amri ya utekelezaji ikafuata mwaka 1964. Ndani ya amri hiyo mna ufafanuzi mmoja ambao, kwa maoni yanayotetewa hapa, uliathiri bustani za Las Vegas kuliko kampeni yoyote ya kuhimiza uangalifu. Matumizi ya jimbo yalifafanuliwa kuwa maji yaliyochotwa mtoni ukitoa maji yaliyorudishwa mtoni.

Matokeo ya ufafanuzi huo si dhahiri mpaka yafuatiliwe bombani. Maji yanayotumika ndani ya nyumba, ya kuoga, kufulia, kupikia na ya chooni, huingia katika mfumo wa majitaka, husafishwa, na kupitia mkondo uitwao Las Vegas Wash hurudi Ziwa Mead. Kwa kila ekari-futi inayorudi, Nevada huruhusiwa kuchota nyingine. Mtu anayeoga kwa nusu saa mjini Las Vegas hupoteza nishati ya kupampu na kusafisha maji, lakini mgawo wa jimbo unabaki karibu uleule. Maji yanayomwagwa kwenye nyasi huvukizwa na jua au hutoka kwenye majani kama mvuke, na hayarudi. Takriban asilimia 60 ya maji ya bonde ilikuwa ikitumika nje ya nyumba. Kwa hiyo, katika daftari la mto, nyasi ndizo zilizokuwa mtumiaji hasa wa Nevada, na binadamu walikuwa waazimaji tu.

Hapa pana kinaya kinachostahili kutajwa. Kwa miaka mingi alama ya ubadhirifu mbele ya umma imekuwa maji yanayotiririka kutoka bustanini hadi barabarani. Shirika la Maji lina wakaguzi wanaozunguka mitaani na kurekodi picha za maji hayo, na faini iliyoanzia dola 80 iliongezeka maradufu kwa kila kosa la kurudia. Lakini mitaro ya bonde hilo nayo huelekea Las Vegas Wash, na sehemu ya maji hayo hufika ziwani. Maji yaliyozama vizuri kwenye mizizi, ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuyarekodi, ndiyo yaliyoondoka kabisa. Hilo halimaanishi kwamba mtiririko wa barabarani hauna hasara. Sehemu yake hukauka njiani, na nyingine hubeba mbolea na dawa za bustani. Linaonyesha tu kwamba kinachoonekana na kinachohesabika havikuwa kitu kimoja, na kwamba utawala wa maji ulianza na kilichoonekana.

Daftari hilo lilianza kubana miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha. Mashirika ya maji ya miji jirani yalikuwa yakishindana, kila moja likihofia kwamba kisichotumika kingechukuliwa na jirani. Chini ya utaratibu wa namna hiyo kubana matumizi kulikuwa sawa na kumpa mshindani. Februari 1991 Shirika la Maji lilisitisha kutoa ahadi mpya za kuunganishia maji majengo. Mwaka huohuo mashirika saba yaliunda Mamlaka ya Maji ya Nevada Kusini, chini ya msukumo wa Patricia Mulroy, aliyekuwa meneja mkuu wa Shirika la Maji tangu 1989 na ambaye aliongoza Mamlaka hadi 2014. Baada ya mgawo kuwekwa katika mkono mmoja, maji aliyookoa jirani hayakuwa tena hasara ya jirani. Kipimo cha bustani, ambacho kingekuwa kazi bure miaka kumi kabla, kikawa na maana.

Saa isiyosahau

Kabla ya kuziondoa nyasi, ilijaribiwa kwanza njia isiyoumiza: kuacha nyasi zilivyo na kurekebisha umwagiliaji. Njia hii ina msingi mzuri wa kiufundi. Mnamo 1942 J. E. Christiansen wa Chuo Kikuu cha California alichapisha kazi yake kuhusu umwagiliaji wa kunyunyiza, na ndani yake kipimo cha usawa wa mtawanyiko wa maji. Makopo hupangwa katika eneo linalonyunyiziwa, kisha maji yaliyomo hulinganishwa. Anayejaribu jambo hili nyumbani mara nyingi hukuta kopo moja limejaa na lingine limelowa tu. Mwenye nyumba haoni makopo. Anaona kona moja ya bustani ikigeuka rangi ya kahawia. Huongeza dakika mpaka kona hiyo ipone, na sehemu nyingine zote, ambazo tayari zilikuwa zimetosheka, hupata ziada. Hapo ndipo upotevu mwingi huzaliwa, pasipo bomba lililopasuka wala mtu mzembe.

Tatizo la pili ni kasi. Vinyunyizio vya kawaida hutoa maji haraka kuliko udongo mgumu wa bonde unavyoweza kuyanywa. Ushauri uliotolewa kwa wakazi ulikuwa kugawa muda: dakika 4, kisha kusubiri saa moja, mara tatu. Kiasi kilekile cha maji kikimwagwa kwa dakika 12 mfululizo, sehemu yake huishia barabarani.

Tatizo la tatu ni msimu, na hapa saa ya umeme ilikuwa msaada ulioleta madhara. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mkubwa wa matumizi ya maji katika nyumba 1,188 za maeneo 12 ya Amerika Kaskazini, chini ya uongozi wa Peter Mayer na William DeOreo. Las Vegas haikuwemo, lakini matokeo yake yalisomwa kote magharibi. Nyumba zenye mabomba ya kunyunyiza yaliyofukiwa ardhini zilitumia nje maji zaidi kwa asilimia 35 kuliko zisizo nayo. Zilizotumia saa ya kujiendesha zilitumia zaidi kwa asilimia 47. Waliomwagilia kwa kushika mpira wa maji mkononi walitumia pungufu kwa asilimia 33. Anayesimama na mpira mkononi huchoka, huingia ndani, husahau siku moja, huona mawingu. Saa haisahau. Iliyopangwa kwa ajili ya Julai huendelea na Julai hadi Novemba, na vuli ndiyo majira ambayo wakazi hupatikana wakimwagilia kupita mahitaji kwa sababu hakuna aliyekwenda gereji kubadilisha tarakimu.

Ilitarajiwa kwamba kifaa chenye akili zaidi kingerekebisha kosa la kifaa chenye akili kidogo. Irvine, California, jaribio katika nyumba 40 lililoripotiwa mwaka 2001 lilitumia vidhibiti vilivyopokea taarifa za hali ya hewa na kukadiria kiasi ambacho mimea ilipoteza kila siku. Kila nyumba iliokoa wastani wa galoni 37 kwa siku, yaani kama lita 140, sawa na asilimia 7 ya matumizi yake yote. Tathmini iliyofuata California, iliyochapishwa 2009 na kuhusisha maeneo 2,294, ilikuta punguzo la wastani la asilimia 6.1 ya maji ya nje. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba katika asilimia 41.8 ya maeneo hayo matumizi yaliongezeka.

Matokeo hayo si fumbo. Wenye nyumba wengi walikuwa wakimwagilia nyasi zao chini ya mahitaji yake, kwa uvivu au kwa kujali bili, na nyasi zikavumilia. Kifaa kilipoingia kilikokotoa haki kamili ya nyasi na kuilipa. Hakikuwa na njia ya kuuliza kama nyasi hizo zilistahili kuwepo. Wakala wa Mazingira wa Marekani, uliozindua nembo ya WaterSense mwaka 2006 na kuanza kuidhinisha vidhibiti vya aina hiyo mwaka 2011, umekuwa ukieleza kwamba hadi nusu ya maji ya bustani huweza kupotea kwa upepo, uvukizi na mtiririko. Kauli hiyo ni ya kweli ndani ya mipaka yake. Inaichukua bustani kama jambo lililokwisha kuamuliwa, na kuhesabu kama upotevu kile tu kinachoikosa mizizi.

Kununua nyasi

Njia ya pili ilikuwa imeanza kupewa jina Denver, ambako shirika la maji la mji lilibuni mwaka 1981 neno la kueleza bustani zenye mimea ya ukame. Las Vegas ililichukua wazo hilo na kuliwekea bei. Kuanzia 1999 Mamlaka ililipa wenye nyumba waliokubali kung'oa nyasi na kuweka badala yake mimea ya jangwani, changarawe na umwagiliaji wa matone. Utafiti wa Sovocool na Morgan ulionyesha kwamba kila futi ya mraba iliyobadilishwa iliokoa galoni 55.8 kwa mwaka, na kwamba matumizi ya jumla ya nyumba yalishuka kwa takriban asilimia 30. Asilimia hiyo ni ya maji yote ya nyumba. Ukiiweka kando ya asilimia 7 ya Irvine, pengo kati ya kurekebisha bustani na kuibadilisha linaonekana bila maelezo mengi.

Mpango huo ungeweza kubaki mdogo kama si ukame. Mwaka 2002 maji yaliyoingia Ziwa Powell, juu ya mto, yalikuwa kama robo tu ya wastani. Mwaka huohuo Nevada ilitumia zaidi ya mgawo wake, jambo lililowezekana kwa sababu mto ulikuwa bado katika utaratibu wa ziada. Mwaka 2003 hatua za dharura zilitangazwa. Malipo ya kung'oa nyasi yakawa dola 1 kwa futi ya mraba. Yalipanda hadi dola 3 kabla ya 2020, na dola 5 kwa nyumba za watu binafsi mwaka 2024. Nyumba mpya zilikatazwa kuwa na nyasi mbele, na uani nyasi zisizidi nusu ya eneo la bustani. Ratiba ya lazima ya umwagiliaji iliwekwa: siku moja kwa wiki majira ya baridi, siku tatu majira ya kuchipua na ya vuli, na katika kiangazi siku zote isipokuwa Jumapili, lakini vinyunyizio visifunguliwe kati ya saa 5 asubuhi na saa 1 jioni.

Masharti mawili ya malipo yanahitaji kuangaliwa kwa karibu. La kwanza ni kwamba mimea mipya ikikomaa ifunike angalau nusu ya eneo lililobadilishwa. Lilikusudiwa kuzuia watu kumwaga kokoto tupu na kuziita bustani. La pili, lililoongezwa baadaye, ni kwamba mpokeaji wa fedha hutia saini zuio linalosajiliwa pamoja na hati ya nyumba, ili nyasi zisirudishwe hata nyumba ikiuzwa. Kwa sharti hili Mamlaka ilikoma kuwa mshauri wa tabia njema. Ilinunua haki ya kutumia maji kwenye kipande fulani cha ardhi na kuifuta. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020 zaidi ya futi za mraba milioni 200 zilikuwa zimebadilishwa, yaani zaidi ya kilomita za mraba 18.

Ununuzi huo pia ulikuwa kukiri jambo. Serikali hainunui kutoka kwa mtu kitu ambacho ni kosa kuwa nacho. Kwa kulipa, Mamlaka ilikubali kwamba nyasi za nyumbani zilikuwa israfu halali: kupita kiasi, lakini katika mali ya mtu mwenyewe.

Nyasi zisizo na kazi

Juni 2021 Gavana Steve Sisolak alitia saini sheria iliyokwenda mbali zaidi. Kuanzia 2027 ni marufuku kutumia maji ya Mto Colorado kumwagilia nyasi zisizo na kazi katika Nevada Kusini: za katikati ya barabara, za mbele ya maduka na ofisi, za pembeni mwa maegesho, za maeneo ya pamoja ya mitaa ya makazi. Kamati ya wajumbe tisa ilisaidia kuamua nyasi ipi ina kazi. Kipimo kilichotumika ni matumizi ya binadamu: uwanja wa kuchezea una kazi, ukanda wa kijani ambao anayeukanyaga ni msukuma mashine ya kukatia tu hauna. Mamlaka ilikadiria kwamba katazo hilo lingeokoa takriban sehemu ya kumi ya mgawo wa jimbo.

Hapa ndipo maji ya nyasi yalipoingia rasmi katika maana ya ubadhirifu. Mto ni wa wengi. Anayeutumia kwenye nyasi isiyo na kazi anatumia vibaya alichokabidhiwa, hata kama anailipia bili na hata kama hakuna tone linalofika barabarani. Lakini sheria hiyohiyo iliziacha nje nyumba za familia moja. Bustani ya mbele ya nyumba ya zamani, ambayo mara nyingi haikanyagwi kuliko ukanda wa maegesho, haikuguswa. Hakuna sababu ya kihaidrolojia ya tofauti hiyo, kwa kuwa mvuke hautofautishi uani na maegesho. Sababu ni ya kisiasa, na si ya kudharauliwa: mamlaka inayotegemea hiari ya wenye nyumba kwa miaka 20 huogopa kuipoteza kwa kuingia malangoni mwao.

Matukio yaliyofuata yaliibana nafasi hiyo kutoka upande mwingine. Agosti 2021 serikali kuu ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu wa maji katika majimbo ya chini ya mto, na Julai 2022 Ziwa Mead lilishuka hadi takriban futi 1,040 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini kabisa tangu lilipokuwa likijazwa miaka ya 1930. Mwaka 2023 Shirika la Maji lilianza kutoza ada ya ziada kwa wanaovuka kiwango fulani. Sheria nyingine ya mwaka huo iliipa Mamlaka uwezo wa kuweka kikomo cha nusu ekari-futi kwa mwaka kwa nyumba moja endapo upungufu utatangazwa, sawa na lita 1,690 hivi kwa siku. Sheria hiyo haikutaja nyasi. Iliweka kikomo na kumwachia mwenye nyumba aamue kitakachokauka.

Gharama za mafanikio haya hazikugawanyika sawa. Miti mingi ya bonde ilikuwa ikinywa maji ya nyasi. Ilipandwa katikati yake na mizizi yake ikazoea maji ya juu juu. Vinyunyizio vilipofungwa bila kuwekewa mabomba ya matone, miti ilianza kufa pamoja na nyasi, katika mji ambao kivuli ni suala la afya. Mpangaji hana nyasi za kuuza, na mwenye nyumba asiye na akiba hawezi kulipia kazi kabla ya kurudishiwa fedha. Wako pia wanaouliza maji yaliyookolewa yalikwenda wapi. Sensa ya 1990 iliwahesabu watu 741,459 katika Kaunti ya Clark. Ya 2020 ikawahesabu 2,265,461. Matumizi ya Nevada kutoka mtoni mwaka 2023 yalikuwa chini ya ekari-futi 200,000. Kwa Mamlaka, namba hizo mbili pamoja ni ushahidi wa ufanisi. Kwa wapinzani wake, ni ushahidi kwamba aliyeng'oa nyasi zake alimtengea maji mjenzi wa kitongoji kipya. Masomo yote mawili yanaafikiana na takwimu, na tofauti yake haiwezi kumalizwa kwa kipimo kingine cha dira.

Kinachoweza kuonwa kwa sasa ni mpangilio wa mtaa wenyewe. Nyumba iliyojengwa baada ya 2003 haikuruhusiwa nyasi za mbele tangu mwanzo. Nyumba ya zamani ambayo mwenyewe alipokea malipo ina zuio katika hati yake, nalo litamfunga mnunuzi ambaye hakupokea chochote. Nyumba ya zamani iliyo kando yake, ambayo mwenyewe hakujitokeza kuomba fedha, bado ina haki ya kumwagilia festuka yake kwa ratiba, mradi bili ilipwe na maji yasivuke ukingo wa barabara.